Kinga ya mwili, na kwa nini malaria "haizoeleki"

Mtoto akijikwaa, kidole cha mguu kikatunga usaha, siku ya pili utamsikia akilalamika kuwa kinena kinamuuma. Ukipapasa unakuta kivimbe kigumu kama kokwa. Huo ni mtoki. Wengi huuogopa kuliko kidonda chenyewe, kumbe ni kinga ya mwili iko kazini: seli nyeupe za damu zimejazana na kuzaana kwenye tezi, zinapambana na vijidudu vilivyopanda kutoka kidondani.

Kinga ya mwili ni huo uwezo wa kutambua kisicho chako na kukiondoa. Baadhi ya seli nyeupe hushambulia kigeni chochote. Nyingine hujifunza: hutengeneza kingamwili, protini zinazonasa kidudu cha aina moja tu, na ugonjwa ukiisha chache hubaki zinakikumbuka. Ndiyo maana aliyeugua surua utotoni kwa kawaida haiugui tena. Kinga ikikosea, hupigana na vumbi, na mtu akabanwa na pumu. VVU navyo huua seli zilezile zinazoongoza ulinzi. Neno UKIMWI lenyewe ni Upungufu wa Kinga Mwilini.

Malaria ina ujanja wake. Kimelea hubadilisha protini kinazobandika juu ya seli nyekundu za damu. Mwili ukishaijua sura moja, kinakuja na nyingine. Aliyekulia Kigoma au Kilifi, akaugua mara nyingi, hupata kinga nusu tu: anaweza kuwa na vimelea damuni bila homa kali. Kinga hiyo huendelea kuwepo kwa sababu mbu wanaendelea kumuuma. Akiishi Muscat au London miaka kadhaa, inafifia. Anarudi likizo, anatandikiwa kitanda chenye chandarua, anakikunja: "Mimi malaria nimeizoea." Wiki mbili baadaye yuko wodini. Tafadhali, ndugu zangu mlio ughaibuni, msiseme hivyo, na wanenu waliozaliwa huko hawana hata hiyo nusu.

Hata asiyesafiri hupungukiwa. Katika mimba ya kwanza vimelea hujibanza kwenye kondo la nyuma, kiungo ambacho mwili haukuwa nacho kabla, kwa hiyo hauna kumbukumbu ya sura ambayo vimelea huivaa humo. Ndiyo sababu kliniki humpa mjamzito vidonge vya SP, dawa ya kukinga malaria, avimeze palepale mbele ya muuguzi, hata kama haumwi.