"Sina kazi, mwanangu"

Mlingotini, Bagamoyo. Ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, na maji yametoka. Mama mmoja ameinama, bahari ikimfika magotini, anafunga vipande vya mwani, mmea wa baharini, kwenye kamba moja baada ya nyingine. Nikamuuliza, kwa ajili ya dodoso langu, anafanya kazi gani. Akanijibu bila kuinua uso: "Mimi sina kazi, mwanangu. Mvuvi ni mume wangu."

Nimesomea sosholojia, na jibu hilo nimelisikia mara nyingi pwani hii. Bado linaniuma. Jinsi, yaani maumbile ya kike au ya kiume, tunazaliwa nayo. Jinsia, yaani yale jamii inayomtarajia mwanamke au mwanamume ayafanye, tunafundishwa, na somo lake kubwa ni kazi ipi iitwe kazi.

Mwani ulipoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kisha ukavuka kuja bara, haukuwa wa kike wala wa kiume. Uliwaangukia wanawake kwa kuwa hulimwa ufukoni maji yakipwa, palepale walipozoea kuokota chaza. Kwenye kilindi, kwenye ngalawa na nyavu, kulikuwa na wenyewe: wanaume. Siku za bamvua maji hutoka kama saa nne asubuhi. Mama ana saa chache tu, kisha akabandike chungu.

Pweza ndiye anayenionyesha hilo zaidi. Zamani kumchokoa miambani ilikuwa shughuli ya kina mama na watoto, kitoweo tu. Viwanda vya kusafirisha nje vilipoanza kumnunua kwa kilo, wanaume wakavaa miwani ya kuzamia wakamfuata majini. Pweza ni yuleyule. Iliyobadilika ni bei.

Akina mama wenyewe husema "namsaidia mume wangu". Neno hilo "kusaidia" lina gharama. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971. Wengi ninaozungumza nao hawajaisikia hukumu hiyo, na wakiachwa huondoka na khanga na vyombo, basi.

Swali la kazi nimelifuta kwenye dodoso. Nilimrudia yule mama nikamuuliza: "Jana, tangu alfajiri, ulifanya nini?" Akaanza na kuchota maji. Karatasi ilijaa kabla hajafika adhuhuri.