Ubongo wa asiyeona unapotafuta njia

Kazi yangu ni kusoma mawimbi ya ubongo, na watu huniuliza: mtu akizaliwa haoni, ile sehemu ya kisogoni inayohusika na kuona inafanya kazi gani? Wengi hudhani imelala tu. Haijalala.

Mfano ninaoupenda ni utafiti wa Lore Thaler, Stephen Arnott na Melvyn Goodale, uliochapishwa mwaka 2011. Waliwapima wanaume wawili wasioona ambao hugonga ulimi kwenye kaakaa, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye mti, gari au nguzo ya taa. Kikwazo kilikuwa mashine yenyewe. Ndani ya MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, unalala chali, kichwa kimetulia tuli, kelele zimejaa. Hutembei, na ulimi haugongeki. Basi vinasa sauti vidogo vikawekwa masikioni mwao wakiwa nje, na zile sauti wakasikilizishwa tena wakiwa wamelala ndani ya mashine.

Utamu wa jaribio hilo uko kwenye ulinganisho: sauti zenye mwangwi dhidi ya sauti zisizo nao. Sehemu ya kusikia haikuonyesha tofauti. Tofauti ilijitokeza kisogoni, kwenye gome la kuona, tena kwa nguvu zaidi kwa yule aliyepoteza macho akiwa mtoto mchanga. Wenye kuona waliosikiliza sauti hizohizo hawakuonyesha kitu hapo. Ni matokeo mazito, ingawa kwa watu wawili siwezi kuwasemea wasioona wote.

Isitoshe, kusikiliza umelala si kutembea. Ndiyo maana wengine tunatumia EEG: kofia ya elektrodi, yaani vihisi vya umeme wa ubongo, ambayo mtu anaivaa na kwenda na fimbo yake nyeupe. Shida ni kwamba umeme wa ubongo unaofika kwenye ngozi ya kichwa ni mikrovolti chache mno, na misuli ya taya na shingo huufunika kwa urahisi. Kusafisha rekodi hizo ni kazi kuliko kuzichukua.

Halafu kuna mawimbi ya alfa, mizunguko 8 hadi 12 kwa sekunde. Mwenye kuona akifumba macho, huonekana wazi kisogoni. Kwa aliyezaliwa haoni huwa hafifu sana. Kwa hiyo kumfunga kitambaa mtu anayeona, ukamfanya kielelezo cha asiyeona, sikubaliani nako kabisa. Huyo anapapasa kwa hofu. Mwenye fimbo amezoea njia. Natamani wasioona wawe nasi tangu tunapochagua ukumbi wa jaribio, kwa sababu wao wanajua ukuta upi unarudisha sauti vizuri na pazia lipi linaimeza.