Kudhibiti mwani kwenye tenki la samaki la akwaponiki, maana yake nini hasa

Ukisikia mtu wa akwaponiki, yaani anayefuga samaki na kulima mboga kwenye maji yaleyale yanayozunguka, anasema "nadhibiti mwani" usidhani anaua mwani wote mpaka maji yawe meupe pee, hapana, hilo haliwezekani na wala halihitajiki. Kudhibiti ni kuunyima vitu viwili unavyovitegemea, yaani mwanga na mbolea iliyobaki majini bila kuliwa na mimea yako, hadi ubaki kidogo kiasi kwamba hausumbui samaki wala mizizi. Ndo maana mi huwa nashangaa mtu akiona maji yamekuwa kijani swali la kwanza ni "niweke dawa gani", wakati tenki lenyewe liko wazi juani kutwa nzima.

Tuelewane kwanza unatokea wapi. Samaki anakula, anatoa amonia ambayo ni taka ya mwili wake, nyingi inatokea kwenye matamvua, bakteria wanaigeuza kuwa nitriti halafu wengine wanaigeuza kuwa nitrati, hiyo ndo mbolea, mboga zinaifyonza, maji yanarudi kwa samaki, huo ndo mzunguko wote. Sasa mwani nao unakula nitrati hiyohiyo, na amonia pia unakula, na hauhitaji mizizi wala kupandwa, chembe zake zinakuja na upepo, na maji, na samaki wapya, na mche uliopewa na jirani, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta uliingilia wapi. Ukishapata maji yenye mbolea, joto na jua, umefika.

Hapo kuna watu wanauliza swali la maana kabisa, kwamba kama mwani unakula amonia na nitrati si unasafisha maji? Ni kweli unasafisha, kwa muda. Tatizo ni kwamba mchicha ukila nitrati unauvuna unatoka kwenye mfumo moja kwa moja, mwani usipoutoa unafia humohumo unaoza na kurudisha kila kitu majini, tena ukioza unakula oksijeni.

Na oksijeni ndo hatari yenyewe, siyo rangi. Mchana mwani unatoa oksijeni, maji yanakuwa nayo tele, ukipima saa tisa alasiri unafurahi. Jua likizama unaacha kutoa unaanza kuvuta, pamoja na samaki, pamoja na bakteria, wote wanavuta kwenye maji yaleyale usiku kucha, kwa hiyo kiwango kinashuka mpaka kinafika chini kabisa alfajiri kabla jua halijatoka. Samaki wengi wa kufugwa wanataka angalau miligramu 5 za oksijeni kwa lita, na maji ya nyuzi 30 hata yakijaa kabisa yanabeba kama 7.5 tu, yaani nafasi ya kucheza ni ndogo. Ndo maana samaki wanakutwa asubuhi wamepanda juu wanahema kwa midomo, au wamekufa, na mwenyewe anasema jana jioni walikuwa wazima. Mtu anayezima pampu ya hewa usiku ili kuokoa umeme anaizima saa ileile inayohitajika kuliko zote, tafadhali kama kuna kitu kimoja utabeba hapa beba hicho, pampu ya hewa isizimwe usiku.

Halafu kuna pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikipanda uchachu umepungua, hii watu wengi hawaiunganishi na mwani. Mwani ukiwa juani unavuta hewa ya ukaa iliyoyeyuka kwenye maji, ikipungua pH inapanda, na tenki la kijani kibichi linaweza kuvuka 8 hata kukaribia 9 mchana halafu usiku ikashuka tena. Sasa amonia iko ya aina mbili, moja haina madhara sana na nyingine ni sumu kwa samaki, na pH ndo inayoamua iwe ipi. Kwenye maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7 sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote, ikiwa 8 ni kama asilimia 5, ikiwa 9 inapita theluthi moja. Yaani hujaongeza samaki, hujaongeza chakula, amonia ni ileile ya asubuhi, ila mchana imegeuka sumu. Na mimea nayo inaumia maana pH ikipanda madini ya chuma yanakuwa magumu kufyonzwa, unaona majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa yake imebaki kijani. Kwa hiyo pima pH mara mbili siku moja, alfajiri na alasiri, kama tofauti ni kubwa, inakaribia 1 nzima, basi mwani ndo unaoendesha hayo maji.

Mwani siyo mmoja pia. Kuna unaoelea, huo ndo unafanya maji yote yawe kijani hadi samaki huwaoni, kuna wa nyuzinyuzi kama nywele unaoning'inia kwenye kuta na kuziba mabomba na pampu, kuna utando wa kahawia ambao huja sana kwenye mifumo mipya na mara nyingi unaondoka wenyewe. Kuna na ule wa kijani kinachoelekea bluu, utelezi, unatoka kwa mapande na unanuka, ule kibaiolojia ni bakteria na baadhi ya aina zake zinatoa sumu, ukiuona uvute kwa mpira wa maji utoe nje usiuache.

Sasa kuudhibiti. Mwanga ndo kila kitu, mengine yote ni nyongeza. Samaki hawahitaji jua, mboga ndo zinahitaji, kwa hiyo jua lipige majani lisipige maji. Funika tenki, acha tu nafasi ya hewa na ya kulishia. Kama ni tenki jeupe linalopenyesha mwanga lipake rangi kwa nje, nyeusi kwanza ili mwanga usipite halafu nyeupe juu yake ili lisichemke juani, usipake ndani. Mabomba yasiwe ya kuonyesha ndani. Kwenye kitanda cha kokoto ulichopandia mboga hakikisha maji yanaishia kama sentimita 3 hadi 5 chini ya uso wa kokoto, zile za juu zibaki kavu siku zote, na kama mboga zako zinaelea majini kwenye maboya ya povu yenye mashimo ya kupandia, ziba mashimo yasiyo na mche. Tenki la chini la kukusanyia maji nalo watu wanalisahau kulifunika na ndo linalozalisha mwani wa mfumo mzima.

Upande wa mbolea ni uwiano tu. Chakula cha samaki ndo mbolea yako, na kiwango ambacho wengi wanaanzia nacho ni gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya mboga za majani, gramu 50 hadi 80 kwa mimea ya matunda kama nyanya. Ukilisha gramu 100 na una mita moja tu ya mboga, nusu ya mbolea haina mwenyewe na mwani ndo utaichukua. Mfumo mpya una shida hiyohiyo kwa sababu miche bado midogo, hapo lisha kidogo na ufunike zaidi, mboga zikikua zitaukaba mwani zenyewe. Na chakula ambacho hakijaisha ndani ya nusu saa kitoe.

Uliopo tayari utoe kwa mkono au kwa brashi, wa nyuzi unazungushia kijiti unatoka wote, peleka kwenye mboji. Unaoelea unaweza kuunyima mwanga kabisa kwa siku chache, tenki limefunikwa gubigubi na hewa inapulizwa kwa nguvu, maana ukifa mwingi kwa pamoja ndo oksijeni inaporomoka na amonia inapanda. Taa ya mionzi ya UV inasaidia kwa huohuo unaoelea tu na haiwagusi sana bakteria wako kwa kuwa wenyewe wamejishika kwenye kokoto na kuta. Kubadilisha maji mara kwa mara sikushauri, unamwaga mbolea ya mboga na mwani unarudi upesi tu.

Dawa za shaba za kuulia mwani usiweke kabisa. Zinachoma mizizi, zinaua konokono, na samaki nao wanadhurika hasa kwenye maji laini, yaani yenye madini kidogo, na kumbuka mboga hizo unazila.

Perege anakula mwani kweli, ila ukimshibisha chakula cha punje ataacha, na anachokula anakirudisha kama kinyesi, kwa hiyo ni msaidizi siyo suluhisho. Utando mwembamba kwenye kuta za tenki uache, hauna neno, bakteria wazuri wanaishi humo pia. Kama pH ya alfajiri na ya alasiri zinakaribiana, samaki hawapandi juu kuhema asubuhi, na mizizi ukiivuta haina utelezi wa kijani, basi umeudhibiti hata kama maji yana rangi kidogo.