Kifafa nyumbani: maswali ya ndugu, majirani na wachumba

Mtu mwenye kifafa akifika kliniki, mara nyingi anayeuliza maswali ni aliyemsindikiza: mama, kaka, mume, pengine mwalimu wake. Na mengi ya maswali hayo hayahusu vidonge. Yanahusu sahani, ndoa, shule na maneno ya majirani. Kwa hiyo majibu haya yanachanganya udaktari na yale ambayo wanasosholojia na wanaanthropolojia wamejifunza kwa kukaa na familia za wagonjwa, kuanzia Mahenge, Tanzania, hadi China.

Kifafa ni ugonjwa gani hasa?

Ni ugonjwa wa ubongo. Chembe za ubongo huwasiliana kwa ishara ndogo za umeme, na nyingi zikifyatuka kwa wakati mmoja, mwili haujitawali tena. Kuna anayeanguka, akakakamaa, akatukutika na kutoa povu. Kuna asiyeanguka kabisa: anakodoa macho sekunde chache, anatafunatafuna bila chakula mdomoni, au mkono mmoja unachezacheza. Huyu wa pili husemwa kuwa mzembe au hasikii anapoitwa, na anaweza kumaliza miaka bila mtu kujua kwamba anaumwa.

Kuanguka mara moja kwa sababu ya homa kali au sukari kushuka si kifafa. Daktari huanza kufikiria kifafa pale hali hiyo inapojirudia bila sababu ya papo kwa papo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilohilo linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipimwa vizuri na kupata dawa. Ugonjwa wenye dawa nzuri hivi haukupaswa kuvuruga maisha ya watu kiasi tunachokiona.

Mate yake yakinigusa, nitaambukizwa?

Hapana. Si mate, si povu, si mkojo, si kula naye sahani moja wala kulala naye kitanda kimoja. Kumshika akiwa anatukutika hakukupi kifafa.

Hofu hii imeumiza watu kuliko ugonjwa wenyewe, na nataka nikae hapa kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norwe, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika milima ya Ulanga mkoani Morogoro. Aliwakuta wagonjwa wanaokula peke yao na kulala kando na wenzao, na wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto. Mafiga yako chini, mtu yuko peke yake jikoni, anaangukia kwenye makaa, na walio karibu wanakimbia kwa sababu wameambiwa kwamba anayemgusa wakati ule atachukua ugonjwa. Anayeungua dakika mbili bila kuondolewa motoni anaweza kupoteza vidole, au kidonda kikapona huku ngozi ya shingo imevutana na kifua. Ubongo ulimwangusha tu. Kilichomwacha motoni ni imani ya watu waliompenda.

Basi anzieni jikoni. Jiko liinuliwe au lizungushiwe ukingo wa udongo, na asipike akiwa peke yake. Asioge mtoni wala kuteka maji kisimani bila mwenzake. Mlango wa bafu usifungwe kwa komeo. Na sahani yake irudi kwenye kabati la wote.

Akianguka mbele yangu nifanye nini?

Angalia saa. Ondoa vitu vya moto, vyenye ncha na vigumu vilivyo karibu naye, mwekee kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Usimbane mikono wala miguu. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni: hawezi kuumeza ulimi wake, lakini anaweza kuvunjika meno au kukung'ata vibaya. Usimnyweshe maji wala dawa mpaka azinduke kabisa. Mtukutiko ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke, ukae naye, kwa sababu wengi huzinduka wamechanganyikiwa na wengine wamejikojolea. Mfunike kanga na uwatawanye watazamaji.

Mpeleke hospitali haraka kama mtukutiko umepita dakika tano, kama ameanguka tena kabla ya kuzinduka, kama ni mjamzito, kama ameumia au ameanguka majini, au kama ni mara yake ya kwanza.

Mama mkwe anasema ni pepo. Nimtii yeye au daktari?

Usimvunjie heshima. Mtu akianguka ghafla, akapiga ukelele, akarudi bila kukumbuka lolote, karibu kila jamii duniani imesema kuna kiumbe kingine kimeingia. Wahmong wa Laos husema roho imemkamata, na baadhi yao huona ni dalili kwamba mtu huyo anaweza kuwa mganga, yaani kwao kuna heshima ndani yake. Pwani ya Kenya, kwa Wamijikenda, mitukutiko ya watoto imehusishwa na nyuni, ndege anayepita juu ya mtoto. Bara na Pwani ya Tanzania degedege nayo imekuwa na maelezo ya namna hiyo.

Watafiti waliofuatilia wagonjwa Kilifi walikuta zaidi ya nusu yao hawakuwa wakipata matibabu yanayofaa. Imani ilikuwa mojawapo ya sababu, lakini gharama na umbali wa kituo zilikuwamo pia. Nalikazia hili kwa sababu wahudumu wengine wa afya hulaumu mila kwa kila kitu, ilhali familia ilishafika kliniki mara tatu na kukuta dawa hakuna. Mganga yuko hatua mia moja, anakupokea usiku na anakusikiliza.

Nikijibu kama ndugu: mkiomba dua, ombeni. Mkitaka kwenda kwa mzee wa familia, nendeni. Ila dawa isiachwe hata siku moja, na mgonjwa asichanjwe chale, asifukizwe karibu na moto wala kulazwa na njaa. Mwambie mama mkwe kwamba wewe na yeye mnataka kitu kimoja, mwanawe asianguke. Mpe kazi ya kusimamia vidonge vya jioni. Wakwe wengi waliopewa kazi hiyo wameifanya kwa uaminifu kuliko mtu yeyote nyumbani.

Sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe. Kwa nini daktari ametaja minyoo ya nguruwe?

Swali zuri, na jibu lake huwashangaza wengi. Mnyoo unaoitwa tegu huishi kwenye utumbo wa mtu aliyekula nyama ya nguruwe yenye viluwiluwi bila kuiva vizuri. Mtu huyo hutoa mayai kwenye choo kikubwa. Mtu mwingine akimeza mayai hayo, kwa mboga isiyooshwa, maji machafu au mikono ya mpishi, viluwiluwi vinaweza kusafiri hadi ubongoni na kuleta kifafa. Kwa hiyo anayepata kifafa hiki si lazima awe amewahi kuonja nguruwe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa huu ulipatikana New York, katika jamii ya Wayahudi wanaoshika dini sana na wasiogusa nguruwe kabisa. Uchunguzi ulionyesha kuwa huenda mayai yaliingia kupitia wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi zenye tegu. Kwetu, tegu imechunguzwa sana kaskazini mwa Tanzania, huko Mbulu, na Nyanda za Juu Kusini. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo yenye tegu nyingi, karibu asilimia 30 ya kifafa hutokana nayo. Dini ya mtu haimkingi na choo kibovu cha jirani. Kinachomkinga ni choo, sabuni, nguruwe waliofungiwa bandani, na dawa ya minyoo kwa mwenye tegu. Mfanyakazi wa ndani atibiwe, asifukuzwe.

Na kuna kifafa kinachotokana na usubi?

Ndiyo. Usubi ni ugonjwa wa minyoo midogo inayosambazwa na vijinzi vyeusi vinapouma watu, na maeneo yenye mito ya kasi ambako vijinzi hivyo huzaliana, kifafa huonekana kwa wingi. Mahenge ni mfano, na ndiko Jilek-Aall aliona watoto wanaosinzia kichwa: mtoto anakula, kichwa kinashuka mara kwa mara kama anayelala, na baadaye anaanza kuanguka. Dawa ya usubi, ivermectin, inayogawiwa vijijini mwenu kila mwaka msiikatae. Malaria kali ya ubongo, kuumia kichwa na uzazi wa shida navyo huacha kifafa, na vyote hivyo vinapunguzika.

Binti yangu amechumbiwa. Tuseme au tunyamaze?

Mzazi anayeuliza hivi si mwongo. Anaogopa. Wanasosholojia wa Marekani, Joseph Schneider na Peter Conrad, waliwahoji watu wenye kifafa na kukuta kwamba wengi walijifunza aibu kwa wazazi wao kwanza: usiseme, usicheze mbali, watu wasijue. Uingereza, Graham Scambler na Anthony Hopkins walionyesha mwaka 1986 kwamba wagonjwa waliishi na hofu kubwa ya kubaguliwa hata pale ambapo hawajawahi kubaguliwa kweli. Hofu hiyo iliwafanya wafiche, na kuficha kukawachosha kuliko ubaguzi wenyewe. China, utafiti uliochapishwa mwaka 1995 na Arthur Kleinman na wenzake, katika mikoa ya Shanxi na Ningxia, ulikuta mzigo unaubeba ukoo mzima: pesa zinaisha na ndoa zinakwama.

Sitakwambia ubaguzi ni ndoto. Zambia, Gretchen Birbeck na wenzake waliwalinganisha watu wenye kifafa na wenye magonjwa mengine ya kudumu yasiyo na aibu. Wenye kifafa walikuwa na elimu ndogo zaidi, kazi chache zaidi na nyumba duni zaidi, na wanawake wao walikuwa wamebakwa zaidi. Mwanamke ambaye jamii imeshamtenga hana wa kumtetea.

Hata hivyo nashauri mchumba aambiwe kabla ya mahari, binti mwenyewe akiwepo na akiridhia, na ikiwezekana wakamwone muuguzi pamoja. Bibi harusi anayemeza dawa kwa siri huziruka akiwa ukweni, na huangukia huko mbele ya watu wasiojua la kufanya. Atakayekimbia akisikia leo angekimbia pia akiona, na hapo angemwacha na mtoto mgongoni. Mwambieni pia kwamba aina nyingi za kifafa hazirithiwi kwa njia ya moja kwa moja, na wanawake wengi wenye kifafa huzaa watoto wazima.

Mume wa dada yangu anataka kumrudisha nyumbani kwa sababu ya kifafa. Sheria inasemaje?

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliweka kifafa cha kujirudia, pamoja na wendawazimu, kati ya sababu za kuifanya ndoa kuwa batilifu, yaani inayoweza kubatilishwa, iwapo hali hiyo ilikuwepo siku ya ndoa. Lakini hilo huamuliwa na mahakama, haliamuliwi sebuleni, na kifafa kilichoanza baada ya ndoa hakimo. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1971 Uingereza ilikiondoa kipengele cha aina hiyo katika sheria zake, na India ilikiondoa mwaka 1999. Nadhani nasi tumechelewa. Kifafa kinachotulia kwa kidonge cha kila siku hakina sababu ya kukaa sentensi moja na sababu za kubatilisha ndoa. Dada yako asikubali kuondoka kwa maneno ya wakwe tu. Amwone msaidizi wa kisheria wa wilaya yake kwanza.

Mimi ni mwalimu. Nimrudishe mtoto nyumbani hadi apone?

Usimrudishe. Mkalishe karibu na mbele, mbali na ngazi na dirisha lililo wazi, wafundishe wenzake kumlaza ubavu, na mwambie mzazi akuandikie jina la dawa na saa anazokunywa. Michezo acheze, kuogelea awe na mtu mzima pembeni.

Dawa zinamezwa mpaka lini, na zikiisha zahanati?

Mgonjwa asipoanguka kwa miaka miwili au zaidi, daktari anaweza kufikiria kuzipunguza polepole. Asiache mwenyewe kwa kuwa anajisikia vizuri: kuacha ghafla, hasa dawa ya fenobabitoni, kunaweza kuleta mitukutiko mfululizo inayoua. Pombe na kukosa usingizi navyo huchokoza kifafa. Mwanamke anayetumia valproeti na anayeweza kupata mimba azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiiache mwenyewe, hata akigundua tayari ana mimba.

Kuhusu dawa kuisha: msisubiri kidonge cha mwisho. Vikibaki vya wiki mbili, anzeni kuulizia. Zahanati ikisema hakuna, ombeni cheti kilichoandikwa jina la dawa na kipimo ili duka la dawa lisiwape nyingine, na muulize kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Fenobabitoni ni kati ya dawa za bei nafuu zaidi za kifafa. Familia kadhaa za kijiji kimoja zinaweza kumtuma mtu mmoja mwenye vyeti vya wote, na nauli ikagawanywa.