Skrinishoti yako haijawa ushahidi bado

Ukitaja sheria ya mtandao, wengi hufikiria mtu kukamatwa kwa sababu ya posti. Hofu hiyo ina msingi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, iliyoanza kutumika Septemba 1, 2015, ilikuja na adhabu kali, na kifungu cha 16, cha taarifa za uongo, kimelalamikiwa sana. Lakini kwa sisi mawakili, uwanja huu ni mpana kuliko jinai. Kinachotutoa jasho zaidi ni ushahidi.

Chukua biashara ya mkopo iliyokubaliwa WhatsApp. Mdaiwa anakana. Mteja ananiletea skrinishoti na kuamini kesi imekwisha. Haijaanza hata.

Sheria yetu ya Ushahidi ni ya 1967, zama za daftari na wino. Mwaka 2000 Jaji Nsekela, katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, alikabiliwa na swali: je, karatasi iliyochapwa na kompyuta ya benki ni kumbukumbu ya benki? Alijibu ndiyo, akisema mahakama haiwezi kufumbia macho teknolojia. Bunge lilifuata nyuma taratibu, likarekebisha Sheria ya Ushahidi 2007, kisha likatunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015.

Kifungu cha 18 cha sheria hiyo ndicho ninachokifungua mara kwa mara kuliko kingine. Kinasema ujumbe usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Halafu kinaitaka mahakama ipime: ulitengenezwa na kuhifadhiwa kwa njia ya kuaminika? Haukuguswa? Aliyeutuma alitambuliwaje? Skrinishoti inayeyuka hapo, maana yeyote anaweza kuihariri au kubadilisha jina la namba kwenye simu yake. Ndiyo maana nawaomba wateja wasifute chochote, na simu yenyewe ije. Anayeitoa mahakamani aeleze, kwa kiapo, aliutoaje ujumbe, kwa kifaa gani, na nani alikishika tangu siku hiyo. Kwa maoni yangu kifungu kimeandikwa vizuri. Kinachopungua ni mazoea yetu ya kuandaa vielelezo.

Utambuzi wa mtumaji ndio kipengele kigumu kuliko vyote. Ukipokea ule ujumbe maarufu wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", laini ina jina, tena tangu 2020 zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Lakini kuna mawakala wa usajili wa laini wasio waaminifu: mteja anaambiwa kidole hakijasoma, arudie, na laini ya pili inazaliwa kwa jina lake bila yeye kujua. Mwenye jina anapoitwa polisi, rekodi ya usajili haisemi nani aliandika ujumbe. Hapo tunatafuta kumbukumbu za miamala, mahali simu ilipokuwa, na wakala aliyelipa fedha ile.