Batalioni ya kujitolea maana yake nini? Mfano wa Wamaori, 1940 mpaka 1946

Ukisoma habari za Vita vya Pili vya Dunia hukosi kukutana na maneno kama "batalioni ya askari wa miguu wa kujitolea iliyopigana ng'ambo", na wengi wetu tunapita tu kama vile inajieleza. Haijielezi. Kuna batalioni, kuna kujitolea, alafu kuna ng'ambo, na hiyo ya mwisho ndo imeleta ugomvi mkubwa kwenye mabunge ya nchi kadhaa.

Batalioni nitaimaliza haraka. Ni kikosi cha watu kama 700 au 800 hivi, mkuu wake kwa kawaida luteni kanali, ndani kuna kombania nne tano, kombania inagawanyika platuni, platuni inagawanyika seksheni za watu kama kumi. Askari wa miguu ndo yule anayefika mpaka kwenye handaki la adui na kumtoa humo kwa bunduki, guruneti au singe, yaani sio wa mizinga wala wa vifaru, hata kama lori limembeba mpaka karibu. Kwenye batalioni watu bado wanajuana kwa sura na majina, ukipanda juu zaidi kwenye brigedi na divisheni inakuwa mambo ya ramani na simu.

Kujitolea sasa. Watanzania hapa tuna bahati maana tumeshazoea JKT ya mujibu wa sheria na JKT ya kujitolea, basi tofauti iko hapohapo, mmoja kaitwa na sheria, mwingine kaenda mwenyewe. Ila usidhani wa kujitolea kwenye vita anafanya kazi ya bure, analipwa mshahara kama wenzake, anapewa sare na chakula, na akishaweka sahihi yake hana tena hiari, akitoroka anashtakiwa kama mtoro mwingine yeyote. Hiari yake ni ya siku ile ya kujiandikisha tu, baada ya hapo akiambiwa panda kilima anapanda.

Na ng'ambo? Nchi nyingi zilikuwa tayari kumlazimisha raia alinde nyumbani, lakini kumpandisha meli kwa nguvu akafie bara lingine ilikuwa habari nyingine kabisa. Kanada kwa mfano ilipitisha sheria 1940 ya kuwaita watu kwa lazima lakini kwa ulinzi wa nyumbani tu, na wale walioitwa wakagoma kujiandikisha kwenda nje wenzao wakawa wanawaita "Zombies", mpaka Novemba 1944 askari wa miguu walipopungua sana huko Ulaya ndo serikali ya waziri mkuu Mackenzie King ikakubali kuwapeleka baadhi yao, na kulikuwa na kelele kwelikweli. Australia nayo ilikuwa na majeshi mawili kwa wakati mmoja, AIF (Australian Imperial Force) ya watu wa kujitolea ambao unaweza kuwapeleka popote, na wanamgambo ambao sheria iliwafunga wabaki Australia na maeneo yake. Ndo maana ukiona batalioni ya Australia imeandikwa 2/7 ujue ni ya kujitolea ya vita vya pili, ile 2 ni ya kuitofautisha na batalioni ya 7 ya vita vya kwanza. Wanamgambo walikuwa wanadharauliwa, wanaitwa askari wa chokoleti eti wakipigwa na jua watayeyuka, alafu kwa sababu Papua ilikuwa inahesabika kuwa eneo la Australia, batalioni ya 39 ya wanamgambo hao hao ikajikuta njia ya Kokoda mwaka 1942 ana kwa ana na Wajapani. Hawakuyeyuka.

Haya, mfano ninaotaka tukae nao ni Batalioni ya 28 ya New Zealand, ile ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kwa sababu ina kitu cha pekee. New Zealand katikati ya 1940 ilianza kuandikisha watu kwa lazima, na hao ilikuwa inawapeleka ng'ambo bila shida, kwa hiyo batalioni zingine za Divisheni ya 2 zikawa na mchanganyiko wa waliojitolea na walioitwa. Wamaori hawakuguswa na sheria hiyo. Batalioni ya 28 ilibaki ya kujitolea tangu mtu wa kwanza mpaka wa mwisho, miaka sita, na bado ikawa moja ya zilizoumia kuliko zote.

Kwanini hawakuguswa? Hapo lazima turudi nyuma. Baada ya vita vya 1863 na 1864 kati ya serikali na Wamaori wa eneo la Waikato, kisiwa cha kaskazini, serikali iliwanyang'anya watu wa Waikato ardhi zaidi ya ekari milioni moja, kwa hiyo vita vya kwanza vya dunia vilipofika na mwaka 1917 serikali ikataka kuwachukua vijana wao kwa lazima, watu wakiongozwa na mama mmoja wa hukohuko, Te Puea Herangi, waligoma kabisa, vijana wakakamatwa wakafungwa, na mwisho wa siku hakuna hata mmoja kati ya walioandikishwa kwa nguvu kule Waikato aliyepelekwa ng'ambo. Unampigania nani, aliyechukua shamba la babu yako? Serikali ya 1940 ilikuwa inaikumbuka aibu ile, haikutaka kuirudia.

Lakini upande wa pili alikuwepo Sir Apirana Ngata, mwanasheria na mbunge wa tangu 1905, mtu wa kabila la Ngati Porou wa pwani ya mashariki, yeye hoja yake ilikuwa tofauti. Alisema uraia una bei, na Wamaori wakiilipa hiyo bei mbele ya dunia nzima hakuna mtu atakayeweza tena kuwaambia wao ni raia wa daraja la pili. Kwa hiyo yeye na wabunge wenzake Wamaori ndo waliobana mpaka serikali ikakubali Oktoba 1939 kuwe na batalioni ya Wamaori ya kupigana, maana kwenye vita vya kwanza Wamaori wengi waliishia kikosi cha kuchimba mahandaki na kujenga barabara. Mwaka 1943, tayari maiti ni nyingi, Ngata akachapisha kijitabu akiuliza kama hiyo bei bado haijalipwa. Mimi huwa nikifika hapa najiuliza hii "hiari" tunaipima vipi, maana sheria haikumlazimisha kijana, ila mbunge wake, wazee wake na jina la ukoo wake vyote vilikuwa vinamwangalia.

Mpangilio wenyewe ulikuwa wa kikabila. Kombania A ilitoka kaskazini, B ilitoka Rotorua na Bay of Plenty, C pwani ya mashariki, D ikachukua waliobaki, kuanzia sehemu zingine za kisiwa cha kaskazini mpaka kisiwa cha kusini na visiwa vya Chatham. Na kila moja ikapewa jina la utani, A wachimba ulimbo kwa sababu kwao watu walikuwa wanachimba ulimbo wa miti ya kauri, B wapiga mbizi wa senti, ni wale watoto wa Rotorua waliokuwa wanazamia sarafu zinazorushwa na watalii, C makauboi kwa sababu ya farasi, D wao wakawa ukoo wa wazururaji. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hakuna anayekimbia mbele ya binamu yake. Ubaya wake ni uleule, usiku mmoja mbaya unamaliza vijana wa bonde zima. Waingereza walishaliona hilo tarehe 1 Julai 1916 kule Somme, pale batalioni za marafiki waliojiandikisha pamoja, kama ile ya mji wa Accrington, zilipofyekwa ndani ya muda mfupi mpaka mitaa ikabaki na msiba nyumba hadi nyumba.

Batalioni ilikusanyika Palmerston North Januari 1940, ikapanda meli ya Aquitania Wellington tarehe 2 Mei, watu pungufu kidogo ya 700, chini ya George Dittmer ambaye hakuwa Mmaori, na hilo liliwauma wengi lakini walilikubali kwa muda. Walikuwa wanaelekea Misri, Ufaransa ikaanguka njiani, wakageuziwa Uingereza kupitia Cape Town na Freetown, wakashukia Scotland mwezi Juni wakakaa miezi wakingoja Wajerumani wavuke bahari. Hawakuvuka. 1941 ndo kazi ikaanza, Ugiriki kwanza, wakarudishwa nyuma, kisha kisiwa cha Krete ambako tarehe 20 Mei askari wa miamvuli wa Ujerumani walishuka kama mvua, uwanja wa ndege wa Maleme ukapotea na jaribio la kuurudisha usiku wa kuamkia na asubuhi ya tarehe 22 likashindikana. Tarehe 27 kwenye barabara waliyoiita 42nd Street, Wamaori pamoja na wale Waaustralia wa 2/7 niliowataja waliinuka na singe wakawavamia Wajerumani waliokuwa wanawafukuza, wakawarudisha nyuma, jeshi lililobaki likapata nafasi ya kupumua kuelekea meli kule Sfakia.

Afrika Kaskazini ni orodha ndefu, Sollum, Gazala, Minqar Qaim walipochomoka usiku katikati ya mzingiro, El Alamein. Mwaka 1942 walimpata mkuu wao wa kwanza Mmaori, Eruera Love, na Julai mwaka huohuo akauawa. Machi 1943 Tunisia, kwenye kilima kilichoitwa Point 209, luteni kijana wa Kombania C, Moana-Nui-a-Kiwa Ngarimu, alijeruhiwa mara mbili akakataa kuondoka, akakaa na watu wake usiku kucha wakirudisha shambulio baada ya shambulio, asubuhi akauawa. Akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, Mmaori wa kwanza wa batalioni hiyo kuipata, na nishani wakakabidhiwa wazazi wake Ruatoria Oktoba 1943 mbele ya maelfu ya watu.

Wiki chache baada ya Ngarimu ikaja Takrouna, jabali la chokaa linalokaribia kusimama wima lenye kijiji juu yake. Sajenti Haane Manahi na watu wachache walipanda lile jabali wakakamata kilele na mateka kibao, kikarudi mikononi mwa adui, wakakichukua tena. Makamanda wakubwa walimpendekeza kwa Victoria Cross, London ikashusha mpaka nishani ya chini yake, DCM. Watu wa kabila lake, Te Arawa, hawakuliachia jambo hilo, waliendelea kudai hata baada ya yeye kufa 1986, na mwaka 2007 Malkia akaleta barua, upanga na kitambaa cha altare. Victoria Cross yenyewe haikuletwa. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ukwepaji wa kistaarabu.

Cassino, Italia, ndo sehemu inayoonyesha vizuri kazi ya askari wa miguu inavyotegemea watu wengine. Usiku wa 17 Februari 1944 Kombania A na B, jumla watu kama 200, walitumwa wakachukue stesheni ya treni. Njia pekee ilikuwa tuta la reli, kulia na kushoto matope na maji, na Wajerumani walishalikata vipande. Mpango ni kwamba Wamaori wachukue stesheni, nyuma yao mainjinia wazibe mapengo mpaka alfajiri ili vifaru na mizinga ya kupigia vifaru vipite. Wamaori wakafika stesheni. Mainjinia wakapambana na mapengo chini ya risasi, kukakucha bado hayajaisha. Mchana kutwa mizinga ya New Zealand ikafyatua moshi kuwaficha wale waliokwama, jioni vifaru vya Ujerumani vikaingia na wao hawana cha maana cha kuvipigia. Waliorudi wazima hawakufika nusu.

Sasa jiulize, batalioni ya namna hiyo unaijazaje? Batalioni ya kawaida makao makuu yanatuma majina kutoka daftari la walioitwa. Hii haiwezi, kila aliyeanguka lazima nafasi yake ijazwe na mtu aliyetaka mwenyewe, tena ikiwezekana wa kutoka kwao. Kuanzia 1942 waziri Paraire Paikea alisimamia mtandao wa kamati za makabila zaidi ya 300 nchi nzima, zikitafuta vijana wa kujiandikisha na pia wafanyakazi wa viwandani na mashambani. Wamaori wakati huo hawakufika laki moja, watoto na wazee humohumo. Mpaka mwisho walipita kwenye batalioni karibu watu 3,600, yaani kikosi cha watu 700 na kitu kilijazwa kama mara tano, 649 walikufa na zaidi ya 1,700 walijeruhiwa.

Kwetu huku wazee waliotumikia Keya, yaani jeshi la mkoloni la King's African Rifles, walienda Habeshi, Madagaska, na 1944 Bama kwenye bonde la Kabaw na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na kwenye makaratasi wengi wao nao waliandikwa ni wa hiari. Lakini chifu akiambiwa na bwana DC anataka vijana kadhaa, hiari inabaki kidogo sana, na hakukuwa na Ngata wao bungeni wa kudai malipo ya hiyo bei. Kwa hiyo ukikuta neno kujitolea kwenye historia ya jeshi la mkoloni usilimeze hivihivi, tafuta kwanza nani alipeleka majina.

Vita vya Ulaya viliisha Mei 1945 Wamaori wakiwa Trieste. Batalioni zingine za New Zealand zilirudi nyumbani vipandevipande, hii ikarudi kama kikosi kizima chini ya James Henare, wakati wengine zaidi ya 200 walipelekwa Japani kwenye jeshi la washindi lililoikalia nchi hiyo. Meli ya Dominion Monarch ilitia nanga Wellington tarehe 23 Januari 1946, wakapokelewa kwa mila zote, marehemu wakaliliwa, watu wakala, kisha kila kombania ikapanda treni kwenda kwao, na batalioni ikavunjwa. Haikuundwa tena.