Dawa ya kuzuia kutapika: maana yake kwa mtoto mdogo

Ingia duka lolote la dawa pale Ngamiani, Tanga, useme "naomba dawa ya kutapika", muuzaji atakuelewa. Lakini maneno hayo yana pande mbili: yaweza kuwa dawa ya kumtapisha mtu, na yaweza kuwa ya kumzuia asitapike. Tofauti hiyo si ndogo. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi hata kidogo, maana yakipanda tena huingia mapafuni; anakimbizwa hospitali. Basi tuitaje kwa jina lake kamili: dawa ya kuzuia kutapika.

Kazi yake ni moja. Tumbo likichokozwa, hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo ndio unaoamuru tumbo lijikamue. Dawa hukatiza habari hiyo njiani. Kilichomtapisha mtoto, iwe malaria, chakula kilicholala au virusi vya kuhara, kinabaki palepale. Ndiyo maana mtoto mwenye homa hapa kwetu Tanga anapimwa malaria kwanza. Ukilinyamazisha tumbo bila kipimo, umeficha dalili iliyokuwa inakusemesha.

Na si kila kinachotoka mdomoni ni kutapika. Mtoto mchanga akinyonya, akatoa maziwa kidogo kwenye kona ya mdomo, kisha akataka titi tena, huyo anacheua. Mbebe wima begani mpaka apige mbweu. Hahitaji dawa yoyote.

Sasa neno zito: kilo. Dozi ya mtoto haipimwi kwa umri wa kukisia, inapimwa kwa uzito. Watoto wawili wa miaka miwili, majirani wa Makorora, mmoja anaweza kuwa na kilo 9 na mwenzake 13, na dozi ya mmoja isimfae mwingine. Muuzaji akikupa chupa bila kuuliza uzito, muulize wewe: "Dokta, hii ni kwa kilo ngapi?" Nenda na kadi ya kliniki, uzito umeandikwa mle. Kama alipimwa miezi mingi iliyopita, apimwe upya.

Nyuma ya kilo kuna mtego mwingine. Dawa yenyewe huhesabiwa kwa miligramu, lakini unachomimina ni mililita. Chupa ikiandikwa miligramu 4 kwa kila mililita 5, mtoto aliyeandikiwa miligramu 2 anapata mililita 2.5. Ukimpa kijiko kizima cha mililita 5, umempa mara mbili. Na kijiko chenyewe! Siku moja nilichukua sirinji isiyo na sindano, nikapima maji kwenye vijiko vitatu vya chai vya jikoni kwangu. Kimoja kilijaa kwa mililita 3, kingine kilikaribia 6, na kwa macho vinafanana. Tangu siku hiyo dawa ya mtoto kwangu ni sirinji tu, nikiiingiza kwenye shavu kwa ndani na kusukuma taratibu ili asipaliwe.

Dawa zenyewe hazilingani. Ondansetroni ndiyo madaktari wengi huichagua kwa mtoto mwenye kuhara na kutapika, mara nyingi dozi moja tu, ili aweze kunywa maji yakakaa. Inaweza kuzidisha kuhara kidogo, na mwenye tatizo la mapigo ya moyo asipewe kabla daktari hajajua.

Metoklopramidi inataka tahadhari zaidi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliizuia kabisa kwa walio chini ya mwaka mmoja, na kwa wakubwa zaidi ikaiacha iwe chaguo la pili, isizidi siku 5. Sababu ni hii: mtoto anaweza kukaza shingo, macho yakapinduka juu, ulimi ukatoka nje. Nyumba nyingi za pwani zikiona hivyo zitasema degedege, au shetani amempanda, na saa zitapotea kwenye ubani na kombe. Hayo ni madhara ya dawa, na hospitali wana dawa ya kuyaondoa. Acha kumpa, chukua chupa, mpeleke nayo.

Prometazini, ile inayoleta usingizi, haipewi mtoto wa chini ya miaka 2. Marekani waliweka onyo kali mwaka 2004 kwa sababu inaweza kudhoofisha pumzi hata kuikatisha. Naisema kwa uchungu kwa sababu najua inavyotumika: familia inapanda Lushoto, kona za kutoka Mombo ni zaidi ya kilomita 30, na mama anataka mtoto alale safari nzima. Watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kuchafukwa na safari. Mwache macho, mpe hewa ya dirishani, asile akashiba sana kabla ya kupanda gari.

Tena dawa ya kuzuia kutapika ni msaidizi tu. Kinachomuua mtoto ni ukavu, yaani kuishiwa maji mwilini, na tiba ya ukavu ni maji ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, koroga kwenye maji safi na salama, na yanayobaki baada ya saa 24 yamwage. Mpe kijiko cha chai kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena polepole zaidi. Hapa wazazi hukata tamaa mapema, wakati kiasi kikubwa cha alichokunywa huwa kimeshashuka. Dafu ni zuri na minazi tunayo, ila halishiki nafasi ya ORS, chumvi yake ya sodiamu ni kidogo. Soda iache, sukari yake huzidisha kuhara. Titi lisikatizwe. Kama anahara pia, kuna vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Usikae nyumbani ikiwa anatapika kila kitu, hawezi kunywa wala kunyonya, amelegea, ana degedege, matapishi yana damu au rangi ya kijani, ameanguka akagonga kichwa, utosi umebonyea, au nepi imekaa kavu saa nyingi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu asisubirishwe. Ukifika kituo cha afya, au hospitali ya Bombo, toa kadi ya kliniki na chupa ya kila dawa aliyopewa, miti shamba ikiwemo, na useme alitapika saa ngapi baada ya kila dozi. Kama dawa ya malaria ilitoka ndani ya nusu saa, huenda wakairudia dozi hiyo yote.